Helen Aliyefukuliwa Jaani

Tarehe 11 Januari 1897, katika kijiji cha Bahnasa, kilomita kama 160 kusini mwa Cairo, vijana wawili wa Kiingereza waliwapanga vibarua wa Kimisri juu ya vilima vya mchanga, kazi ikaanza. Bernard Grenfell alikuwa na miaka 27, Arthur Hunt 25. Vilima vile havikuumbwa na upepo wala mto. Vilikuwa jaa. Kwa mamia ya miaka wakazi wa mji wa kale uliokuwa hapo walimwaga nje ya nyumba zao majani makavu, vigae, viatu vilivyochakaa, na pamoja navyo risiti, mikataba, barua na vitabu vilivyokwisha matumizi.

Wayunani waliuita mji huo Oxyrhynchus, yaani pua iliyochongoka, kwa ajili ya samaki wa mto Nile aliyeheshimiwa hapo. Ni jamii ya huyu domodomo anayevuliwa hadi leo katika Ziwa Victoria. Na karatasi zilizokuwa jaani zilitengenezwa kwa mafunjo, majani yale yale yanayosimama kando ya ziwa hilo hilo ambako Nile unaanzia. Kiini cha shina kilichanwa vipande virefu vyembamba, vikalazwa safu moja hivi na nyingine hivi, vikagandamizwa na kuanikwa. Ukitunza karatasi hiyo pakavu haiozi. Ikiguswa na unyevu, basi tena.

Wachimbaji walikuwa na neno lao la Kiarabu, *afsh*, kwa tabaka la udongo mwepesi uliochanganyika na majani makavu. Palipo na afsh ndipo penye karatasi. Vibarua walilisoma jaa kwa vidole kabla wasomi hawajalisoma kwa macho, na walipewa bakshishi kwa kila walichokiokoa. Majina yao mengi hayakuandikwa popote, nami nasikitika, maana bila vidole vile nisingekuwa na la kusimulia.

Na ninalotaka kusimulia ni safari ya shairi moja tu lililotoka katika jaa hilo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma riwaya hizi zinazosimulia upya visasili vya Wayunani kwa sauti za wanawake: Penelope na vijakazi wake 12 walionyongwa, katika kitabu cha Margaret Atwood cha mwaka 2005, Briseis aliyegawiwa kama ngawira, katika riwaya ya Pat Barker ya 2018, Circe wa Madeline Miller wa mwaka huo huo, na nyingine zinazothubutu kuwaacha wanawake wapendane wao kwa wao, wasichana wa Artemis porini, Atalanta mkimbiaji, malkia waliobaki nyumbani waume zao walipokwenda vitani. Kila nikizitaja mbele ya watu waliosoma, nasikia neno lile lile: hizo ni fikra za leo zilizovishwa nguo za kale. Shairi la Bahnasa linalipinga neno hilo.

Kwanza turudi nyuma, kwenye kisiwa cha Lesbos, karibu na mwaka 600 KK. Kisiwa kiko pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki, na ng'ambo ya mlango wa bahari ilikuwa himaya ya Lydia, tajiri wa dhahabu na wa magari ya vita ya farasi. Katika mji wa Mytilene aliishi mwanamke aitwaye Sappho. Alitunga nyimbo za kuimbwa kwa kinubi, nyingi za harusi, nyingi za mapenzi, na mapenzi hayo mara nyingi alimwelekezea mwanamke mwenzake. Wakati mmoja, siasa za mji zilipochafuka, alipelekwa uhamishoni Sicily. Alikuwa na kaka na wadogo wa kiume. Mmoja, Charaxos, mwanahistoria Herodotus anasema alimgharamia kahaba maarufu huko Naucratis, bandari ya Wayunani nchini Misri, akamkomboa utumwani kwa fedha nyingi, na aliporudi nyumbani dada yake akamsema vikali katika wimbo.

Kila mtu wa zama za Sappho aliijua hadithi ya Troy, na katika hadithi hiyo kila mtu alimjua Helen. Lakini walimjuaje? Katika Iliad, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy, wanaume wanapopatana kumaliza vita, wanamtaja kwa pamoja na mali: Helen na vitu vyake, apewe atakayeshinda. Mwenyewe anakiri kwamba alimfuata Paris, mwana wa mfalme wa Troy, ila hawezi kulisema bila kujitukana. Anajiita mbwa. Anatamani angekufa kabla ya siku ile. Kuna mahali pamoja tu, katika kitabu cha tatu, Homer anapompa kazi inayonifanya nisimame kila nikipita: anamkuta chumbani anafuma nguo kubwa, na ndani ya nguo anatia mapigano ya Watroy na Wayunani yanayoendelea nje kwa ajili yake. Helen anaifuma Iliad ndani ya Iliad. Hatuambiwi nguo ilionekanaje. Mjumbe anaingia, anamwita akatazame wanaume wakipigana, kazi inaachwa hapo.

Sappho aliichukua kazi hiyo palipoachwa. Katika shairi lake anaanza na mashindano ya maoni: kuna wasemao kwamba kitu kizuri kuliko vyote duniani ni jeshi la farasi, wengine askari wa miguu, wengine merikebu. Yeye anajibu kwamba ni kile ambacho mtu anakipenda. Kisha anasema ni rahisi kumwonyesha kila mtu jambo hilo, na ushahidi anaoutoa ni Helen. Mwanamke aliyewashinda binadamu wote kwa uzuri alimwacha mume bora, akaenda zake Troy kwa bahari, hakumkumbuka mtoto wala wazazi aliowapenda.

Msomaji aliyekua na Homer angetarajia hapa laana, au walau majuto. Hayapo. Walimu wetu wa sarufi walitufundisha kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, na sijui njia fupi zaidi ya kulieleza alilofanya Sappho: alimtoa Helen katika kauli ya kutendwa. Helen wake hachukuliwi, haibwi, hagawiwi. Anaondoka. Uzuri wake unatajwa, lakini swali la shairi ni yeye aliona nini kuwa kizuri, na jibu lake linawekwa kwenye mizani moja na majeshi.

Halafu, bila kugeuka, Sappho anasema kwamba Helen amemkumbusha Anactoria, ambaye hayupo. Afadhali, anasema, auone mwendo wake ule wa kupendeza na mng'aro wa uso wake, kuliko magari ya vita ya Lydia na askari waliovaa silaha. Tumetoka Troy, tumefika kwa msichana mmoja aliyeondoka kisiwani, na kisasili kikubwa cha wanaume kimetumika kueleza mwanamke anavyomtamani mwanamke. Hayo ndiyo wanayoyafanya waandishi wa leo kwa kurasa 400. Sappho aliyafanya kwa beti chache, miaka 2600 iliyopita.

Miaka mia tatu na zaidi baada yake, wasomi wa Alexandria walizikusanya nyimbo zake wakazipanga katika magombo, manane au tisa. Gombo la kwanza peke yake lilikuwa na mishororo 1320. Tunajua kwa sababu nakala moja, iliyoandikwa karne ya pili BK, ilibaki na hesabu hiyo mwishoni. Nakala hiyo ilikuwa ya mtu fulani wa Oxyrhynchus. Huyo mtu, au wajukuu wake, siku moja waliipeleka jaani.

Kwa nini? Iko hadithi inayopendwa sana kwamba kanisa lilizichoma nyimbo za Sappho hadharani mwaka 1073, Rome na Constantinople. Ushahidi wake haupo. Ni kweli kwamba mwandishi Mkristo Tatian, katika karne ya pili, alimtukana kuwa mwanamke mzinzi anayeimba ufisadi wake mwenyewe, lakini matusi hayachomi magombo yote ya dunia. Kilichomwua ni kitu kisicho na moto. Shule zilifundisha Kiyunani cha Athens, naye aliandika kwa lahaja ya Aeolic ya kisiwani kwake, ikawa kwa wanafunzi kama Kiamu cha Mwana Kupona kwa mwanafunzi wetu aliyezoea Kiswahili cha gazeti: bila tanbihi hakisomeki. Kisha vitabu vilihama kutoka gombo kwenda kitabu cha kurasa, na kila kilichohamishwa kilihitaji mtu wa kuketi akinakili kwa mkono. Homer alinakiliwa. Sappho hakunakiliwa. Katika karne ya 12 msomi wa Constantinople, Tzetzes, aliandika kwamba wakati umekwisha kumpoteza. Shairi moja tu lilikuwa limebaki zima, lile la kumwomba Aphrodite, mungu wa mapenzi, kwa sababu mwalimu wa balagha, Dionysius wa Halicarnassus, alilinukuu lote kama mfano wa maneno yanayoteleza vizuri.

Na alipokuwa hasomeki, wengine walimsimulia. Waandishi wa vichekesho wa Athens walimgeuza mhusika wa jukwaani. Ovid, mshairi wa Roma, alimtungia barua ambamo anawakana wasichana wa Lesbos kwa ajili ya baharia mzuri aitwaye Phaon, na hadithi ikamalizika kwa mwanamke kujirusha kutoka jabali la Leucas kwa kukataliwa na mwanamume. Aliyekisimulia upya kisasili alifanywa kisasili, na ndani yake akanyang'anywa hata mapenzi yake.

Katika shairi lile la Aphrodite, mungu anamwahidi Sappho kwamba anayempenda, ingawa sasa anakimbia, karibu atakuwa yeye wa kufukuza. Kwamba mkimbiaji huyo ni mwanamke inajulikana kwa mwisho wa neno moja tu, katika ubeti wa sita. Mwaka 1711 Ambrose Philips alilitafsiri kwa Kiingereza akamfanya mpendwa huyo mwanamume, na wasomaji hawakushtuka. Nimejaribu mara kadhaa kulitia shairi hili katika Kiswahili, nami nimekwama mahali pale pale kwa sababu tofauti. Lugha yetu haibagui: akikimbia, atafukuza, a- ni mwanamke, a- ni mwanamume. Mfasiri wa Kiingereza ilimbidi aseme uongo. Mfasiri wa Kiswahili anaweza kumficha mwanamke huyu bila kusema uongo hata mmoja, kwa kunyamaza tu. Nimeamua kwamba nitaongeza neno "binti" ambalo Sappho hakuliandika, ili nisilifute lile aliloliandika.

Wanawake waliojua kusoma hawakumwacha. Anne Dacier, yule aliyekuja kuitafsiri Iliad yote kwa Kifaransa mwaka 1711, alikuwa ameanza na Sappho, mwaka 1681. Mwaka 1889 kilitoka London kitabu cha mashairi, *Long Ago*, kwa jina la Michael Field. Michael Field hakuwapo. Walikuwa wanawake wawili, Katharine Bradley na Edith Cooper, mama mdogo na binti wa dada yake, walioishi pamoja na kupendana maisha yao yote, na kila shairi lilianzia kwenye kipande cha Sappho, wakati mwingine maneno mawili matatu, wao wakayajazia yaliyokosekana. Renée Vivien, aliyezaliwa London na kuandika kwa Kifaransa, alijifunza Kiyunani kwa ajili yake, akachapisha tafsiri zake mwaka 1903, na mwaka uliofuata akasafiri hadi Mytilene pamoja na Natalie Barney.

Lakini niwapitie upesi hao, nisimame kwa mwanamke mwingine, maana bila yeye jaa la Bahnasa lisingefunguliwa namna ile. Amelia Edwards alikuwa mtunzi wa riwaya. Alipanda Nile, akaandika kitabu cha safari yake kilichotoka 1877, na akarudi Uingereza akiwa na uchungu wa kuona mabaki ya Misri yanavyovunjwa na kuuzwa. Mwaka 1882 alishiriki kuanzisha Egypt Exploration Fund, mfuko wa kulipia uchimbaji wa kitaalamu, akaichangishia fedha hadi afya ikamwishia. Alikufa Aprili 1892, miezi michache baada ya Ellen Braysher, mwanamke aliyeishi naye miaka mingi. Wamezikwa kaburi moja, Henbury, karibu na Bristol. Juu yake pana ankh kubwa ya jiwe, ile alama ya uhai ya Wamisri. Mwaka 2016 serikali ya Uingereza ililisajili kaburi hilo kuwa miongoni mwa kumbukumbu za historia ya watu waliopenda wa jinsia yao. Grenfell na Hunt walipokwenda Bahnasa, mfuko wake ndio uliowatuma.

Siku ya pili tu ya kazi jaani, Hunt alikiona kipande chenye maneno ya Yesu yasiyomo katika Injili nne, na magazeti yakapagawa. Kwa hiyo wachache waliangalia kipande kingine kilichotoka msimu ule, kikachapishwa 1898 kama namba 7 katika juzuu ya kwanza ya vipande vya Bahnasa: dada anawaomba miungu wa bahari wamrudishe kaka yake nyumbani salama. Jina la kaka halimo. Ila mwenye kumkumbuka Charaxos na fedha zake Naucratis ataelewa kwa nini nilishusha kitabu mezani nilipoligundua hili: dua ya Sappho kwa ndugu yake aliyekwenda Misri ilikuwa imelala Misri muda wote.

Shairi la Helen lilikuwa katika vipande vya nakala ile yenye hesabu ya mishororo 1320, namba 1231, juzuu ya kumi. Juzuu hiyo ilitoka mwaka 1914. Sitaki kuongeza chumvi hapa; wachapishaji hawakupanga lolote. Lakini shairi linalosema kwamba majeshi si kitu kizuri kuliko vyote duniani liliwafikia wasomaji wa Ulaya mwaka ule ule Ulaya ilipoingia vitani, na wengine wao walikuwa na umri wa kuandikishwa jeshi.

Mmoja wa washairi wa London wakati huo alikuwa Mmarekani aliyetia saini H.D., Hilda Doolittle. Kaka yake alikufa katika vita hivyo huko Ufaransa. Mwaka 1920 alikwenda Ugiriki pamoja na mwandishi Bryher, mwanamke aliyekuwa mwenzi wake hadi mwisho, na Helen hakumtoka akilini tena. Utenzi wake mrefu, *Helen in Egypt*, ulitoka 1961, mwaka aliokufa. Humo Helen yuko Misri, kama alivyowekwa kwanza na Stesichorus na kisha na Euripides, waliosema kwamba kilichokwenda Troy kilikuwa kivuli tu. Ila Helen wa H.D. anasoma maandishi ya ukutani mwa hekalu akijaribu kujua yeye ni nani. Riwaya za leo zinashika uzi huo, zijue zisijue.

Jaa nalo halijamaliza kusema. Mwaka 2004 wasomi wa chuo kikuu cha Cologne walitambua, katika papirusi ya karne ya tatu KK, mishororo iliyolingana na vipande vya Bahnasa vilivyochapishwa 1922. Vikaunganishwa, likapatikana shairi karibu zima. Sappho ni mzee. Nywele nyeupe, magoti yaliyocheza ngoma hayambebi. Anamkumbuka Tithonus, mwanamume aliyependwa na mungu wa alfajiri, akapewa kuishi milele lakini si ujana. Washairi wengine walimtumia Tithonus kuonya juu ya mapenzi ya miungu na binadamu. Sappho anamtumia kuyatazama magoti yake.

Vipande vya Bahnasa vinakadiriwa kuwa nusu milioni. Vilivyosomwa na kuchapishwa ni vichache, na juzuu zimekwisha kupita 80. Kipande cha Helen kiko katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Nimekitazama katika picha mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Herufi zimesimama bila nafasi kati ya maneno, wino bado mweusi. Baada ya Helen kusahau mtoto na wazazi, kuna kitenzi: kitu kilimpotosha, au kilimwongoza njia nyingine. Kitenzi kimebaki. Mtendaji ametoboka. Wahariri wengi wanalitia hapo jina la Aphrodite, kwa mabano. Waandishi wa riwaya wanatia wanayemtaka, mungu, mwanamume, hamu yake mwenyewe, au mwanamke aliyekuwa akimsubiri bandarini. Katika picha pana uwazi tu wenye ukingo uliochanika, na mistari michache chini yake, pale mafunjo yanaposhikamana tena, Anactoria anatajwa kwa jina.